Kinu cha marumaru, miaka mitatu ya aïoli na samaki wa Ijumaa

Kinu changu kina kilo 6 na ushei. Nilikipima siku niliyokileta nyumbani, maana mkono uliniuma kutoka kituo cha tramu hadi ghorofa ya nne. Mdomo wake una upana wa sentimita 20, kuta zake ni nene kama vidole viwili vikiwekwa pamoja, na pembeni yametokeza masikio manne ya jiwe. Marumaru yake ni nyeupe, ina mishipa ya kijivu kama maziwa yaliyodondokewa na majivu. Nilikinunua hapa Marseille, kusini mwa Ufaransa, kwa yuro 65. Mchi wa mti wa mzeituni niliununua kando, yuro 14.

Ndugu zangu wa Tanga walipoona picha waliniuliza kinu cha bei hiyo cha nini, na blenda ninayo. Niliwajibu kwa mkato, hawakuridhika, na wana haki. Basi leo nakieleza kinu hiki kwa kituo, pamoja na kazi niliyokinunulia: kutengeneza aïoli, ule mchuzi mzito wa thomu na mafuta ya zeituni, unaoliwa na samaki mweupe aliyeivishwa majini na sinia zima la mboga za kutokosa.

Chakula hiki nilikidharau kwanza. Ijumaa mchana migahawa mingi ya mji huu huandika kwa chaki mlangoni: leo aïoli. Ni desturi ya Wakatoliki wa Provence, eneo hili letu la kusini, waliokuwa hawali nyama siku hiyo, na imebaki hata kwa wasiokwenda kanisani. Mwaka wangu wa kwanza huku niliingia mgahawa mmoja karibu na bandari ya zamani, nikalipa yuro 18. Nililetewa samaki aliyechemshwa mpaka akawa nyuzi, karoti laini kama za mtoto anayeota meno, kiazi baridi, na bakuli la mchuzi mweupe wenye ladha ya mayonezi ya kopo iliyonyunyiziwa unga wa thomu. Nilimwambia mume wangu, hiki ni chakula cha mgonjwa. Yeye ni Mngazidja, mtu wa Komoro, amekulia hapa, akaniambia nisikihukumu chakula cha watu kwa sahani moja ya mchana. Nilinyamaza lakini sikukubali.

Aliyenigeuza ni jirani yetu, bibi wa ghorofa ya pili. Amezaliwa kijijini huko Var, mashariki ya hapa, na kwao sikukuu ya kijiji humalizika kwa aïoli kubwa: meza ndefu zinapangwa uwanjani chini ya miti, kila mtu na sahani yake, kinu kinazunguka. Siku moja alinigongea mlango, akasema ana samaki mwingi, watoto wake hawaji. Nikashuka. Mezani palikuwa na sinia kubwa lenye karoti nzima, viazi na maganda yake, maharage machanga, koliflawa, shamari, kiazi sukari chekundu kando kisiharibu rangi ya wenzake, mayai ya kuchemsha, na samaki mweupe aliyekuwa akiachana mapande kwa mapande bila kusagika. Katikati, kinu chake cha marumaru kimejaa kitu cha manjano, kizito, kinachong'aa, na mchi umesimama ndani wima peke yake. Haukuegemea popote. Kwao hiyo ndiyo dalili kwamba mchuzi umeshika.

Nilichovya karoti. Thomu ilinipanda puani, ikatulia, ikabaki utamu na ladha ya zeituni. Nikachovya tena. Nilirudi ghorofa ya nne jioni ile, mume wangu akasikia harufu kabla sijavua viatu.

Jina lenyewe linajieleza. Kwa Kiprovensali ai ni kitunguu thomu na òli ni mafuta. Yai halimo katika jina, na jirani zao Wakatalani bado wapo wanaoitengeneza bila yai kabisa, thomu na chumvi na mafuta tu, kazi ngumu zaidi. Walebanoni nao wana yao wanaiita thum, wanakula na kuku wa kuchoma, na hilo neno sisi watu wa pwani hatuhitaji kutafsiriwa. Bibi wa ghorofa ya pili alifurahi sana nilipomwambia kwetu tunasema thomu. Naye akaniambia kwamba Frédéric Mistral, mshairi wao aliyepata tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1904, alianzisha gazeti mwaka 1891 akaliita L'Aiòli. Alinisimulia hayo amejishika kifua, kama mtu anayezungumzia babu yake.

Nirudi kwenye kinu. Kabla ya hiki nilipitia njia tatu, na zote zilinishinda.

Ya kwanza ni blenda. Mchuzi ulishika baada ya dakika moja, mweupe, umefura, nikajiona fundi. Baada ya robo saa ulikuwa mchungu kooni. Nilidhani ni thomu, kumbe nimekosa kote kuwili. Mafuta mazuri ya zeituni yana vitu vichungu ndani yake. Visu vya blenda vikiyapasua kwa kasi ule uchungu unatawanyika na kujitokeza. Tena blenda haisagi thomu, inaikata, na zile chembe zinaendelea kuwasha kila unapotafuna. Ili nisiionee blenda, nilirudia siku nyingine: mafuta ya chupa moja, mayai ya trei moja, thomu ya kichwa kimoja, nusu kwenye blenda, nusu kwenye kinu cha bibi cha kuazima. Niliweka vibakuli viwili mezani bila kusema. Binti yangu mkubwa, ambaye hali thomu kwa kulazimishwa, alimaliza kile cha kinu, kile kingine akakisukuma.

Ya pili ni kinu kidogo cha mti nilichotoka nacho nyumbani, cha kutwangia iliki na pilipili manga. Nakipenda sana lakini si cha kazi hii. Ni chembamba na kirefu, mchi unapiga juu na chini tu, haupati nafasi ya kuzunguka. Na mti hunywa harufu: wiki mbili baadaye chai yangu ya iliki ilikuwa na thomu.

Ya tatu ni kinu cha jiwe la kijivu nilichoagiza mtandaoni kwa yuro 22. Muuzaji aliandika granaiti. Kilipofika kilikuwa kizuri kwa macho, lakini nilipoanza kusugua mchi kilitoa vumbi, nikakiosha, kikatoa tena. Mara ya tano bado nilihisi mchanga kwenye meno. Nilimwandikia muuzaji hakujibu. Kinu hicho sasa kinazuia mlango wa roshani usijifunge kwa upepo.

Ndipo nikanunua hiki. Nilishauriwa na bibi namna ya kuchagua, na nawapa kama nilivyopewa. Usiangalie uzuri wa nje. Ingiza mkono ndani, pitisha vidole chini: pasiwe na kona, pawe mviringo kama bakuli la uji, na kichwa cha mchi kikae pale chini kama kiganja kwenye goti. Kikiacha nafasi, thomu itajificha kwenye hiyo nafasi. Pili, ndani pasing'ae kama kioo. Marumaru iliyopigwa msasa mpaka ikateleza haikamati kitu, punje zinakimbia ukutani. Tatu, kisiwe chini ya sentimita 18 mdomoni. Vile vya sentimita 12 vinavyouzwa na mchi wake ndani ya boksi la zawadi ni vya kusagia pilipili manga, mayai mawili hayazunguki humo. Na masikio manne si mapambo. Mkono wa kulia unazungusha mchi, wa kushoto unashika sikio na kugeuza kinu kidogo kidogo kukutana nao, kwa hiyo bega halichoki upesi.

Changu hata hivyo kilikuwa kinateleza kidogo chini. Dawa yake ni mchele mbichi na chumvi ya mawe. Nilitia kiganja kimoja, nikasugua mpaka ukawa unga, ukatoka wa kijivu. Nikamwaga, nikarudia. Mara ya nne unga ulitoka mweupe kabisa. Halafu nikaponda thomu mbili na chumvi, nikazitupa. Kazi ya saa moja, na tangu hapo sijapata chembe ya jiwe mdomoni.

Sasa kazi yenyewe. Kwa watu sita mimi hutumia punje nane za thomu. Bibi anatumia kumi na mbili, mbili kwa kila mtu kama walivyomfundisha, lakini watoto wangu wanakwenda shule siku za kazi. Kila punje naipasua katikati na kutoa kile kichipukizi cha kijani cha ndani, hasa kuanzia Januari thomu inapokuwa imezeeka. Wanasema hicho ndicho kinachorudi tumboni usiku kucha. Naweka kitambaa kibichi chini ya kinu kisitembee. Natia punje na fumba ya chumvi ya mawe.

Hapa ndipo kinu kizito kinapolipa deni lake. Mwanzoni mchi unagonga jiwe, ko, ko, na punje zinarukaruka. Sipigi kwa nguvu, naacha uzito wa kichwa cha mchi ushuke wenyewe. Zikishalegea natoka kwenye kugonga naingia kwenye kusugua, na sauti inabadilika, inakuwa kama kandambili zikikokota sakafu yenye maji. Kisha sauti inapotea kabisa. Ukiinua mchi thomu inauganda, imekuwa kama gundi, inang'aa, haina hata uzi mmoja. Dakika saba au nane. Ukiona bado kuna vipande, usitie yai. Vipande hivyo havitasagika tena baada ya hapo.

Viini viwili vya mayai, vilivyokaa mezani tangu asubuhi. Nazungusha mpaka vimechanganyika, naacha dakika tano. Halafu mafuta, nusu lita kwa jumla. Bibi ana chupa yenye kizibo alichokichonga mfereji mdogo kwa kisu, mafuta yanatoka tone tone bila kukodoa macho. Nimechonga na changu. Vijiko vitatu vya kwanza ni vya matone, kwelikweli matone, na mchi hausimami, unazunguka upande mmoja tu. Bibi hataki kusikia habari ya kubadilisha upande. Mchuzi ukianza kuvuta na kuwa mzito kama uji wa muhogo, mafuta yanaweza kutoka kama uzi. Ukiwa mzito kupita kiasi, kijiko cha maji ya vuguvugu, kisha endelea.

Mafuta yasiwe yale makali ya kijani yanayokwaruza koo. Hata kwa kinu, mafuta machungu yatabaki machungu. Natafuta yaliyokomaa, matamu, ya manjano.

Mara ya kwanza mchuzi wangu ulianguka. Ndivyo wanavyosema huku, aïoli imeanguka, kama wanavyosema juu ya mtu. Nilikuwa nimetoa mayai kwenye friji dakika ile ile na wageni wako njiani. Ghafla kile kitu kizito kikaachana, mafuta juu, punje punje za manjano chini, nikakaa sakafuni. Bibi alipanda ngazi zote hizo na bakuli moja na yai moja. Kiini kipya ndani ya bakuli safi, ukakizungusha, ukarudisha ule ulioanguka kijiko kwa kijiko kana kwamba ndio mafuta. Ukainuka wote. Nao wana neno lake, kuiinua aïoli. Tangu siku hiyo mayai yangu yanalala nje ya friji usiku wa Alhamisi.

Mchuzi huu una yai bichi, kwa hiyo mayai yawe mapya, na kinachobaki sikilazi. Mama mjamzito simpi. Tunamaliza mchana ule ule.

Sasa samaki, maana mchuzi mzuri juu ya samaki wa nyuzi ni hasara. Samaki wa asili wa chakula hiki si wa bahari ya hapa. Ni kodi wa Atlantiki ya kaskazini, aliyepasuliwa na kukaushwa kwa chumvi, wanamwita morue. Bahari ya Marseille haina samaki huyo, lakini samaki wa chumvi haozi njiani, na watu wa Ijumaa walihitaji samaki hata vijiji vya milimani. Mtu aliyekula ng'onda anajua nazungumzia nini. Tofauti ni kulowesha. Ng'onda wangu namwosha, namlowesha kidogo, namchemsha na kumwaga maji ya kwanza. Morue anataka saa 24 mpaka 48 katika maji baridi ndani ya friji, maji yabadilishwe mara nne au tano, na akae juu ya kichujio ngozi ikiangalia juu, chumvi ishuke chini imwache. Nilipomlowesha usiku mmoja tu hakulika. Sasa nanunua Jumatano soko la Noailles, ambako pia ndiko ninakopata mihogo na nazi zangu, Alhamisi nabadilisha maji kabla na baada ya kazi, na kabla ya kupika naonja kipande kidogo kibichi. Hapo hakuna kubahatisha.

Kumwivisha ni kwa maji yasiyotokota. Namweka kwenye maji baridi na jani la bay (laurier) na kitawi cha zaatari, bila chumvi, moto wa wastani. Naangalia ukingo wa sufuria. Mara maji yakianza kutetemeka pale ukingoni, na viputo vidogo vimeng'ang'ania chini bila kupanda, nazima moto na kufunika. Dakika kumi. Nina kipimajoto, na kwangu huwa kinaonyesha kati ya 75 na 80. Ukiyaacha yachemke, utaona povu jeupe linatoka samakini, nyama inajikunja, na ndio huyo wa yuro 18. Akiivishwa polepole, ukimgusa kwa uma anaachana mwenyewe, mapande makubwa meupe yenye ute kidogo kati yake.

Wiki ambazo morue ni ghali nanunua minofu ya sangara. Dukani huandikwa perche du Nil, na nikigeuza pakiti mara nyingi nakuta imetoka Ziwa Victoria, Tanzania. Mara ya kwanza nilisimama pale mbele ya friji nimeishika pakiti kwa muda. Sangara habadiliki ladha sana na ana mafuta kidogo, anaivumilia aïoli vizuri. Kwa kuwa hana chumvi, natia chumvi kwenye maji, nayatia moto mpaka yatetemeke ndipo namtumbukiza, mnofu wa sentimita tatu unachukua kama dakika nane. Kwa aliye nyumbani, chewa ndiye wa kwanza kwangu, na changu mkubwa anafuata. Jodari na vibua wana damu nyingi, wanapigana na thomu.

Mboga hazina maajabu ila kila moja iheshimiwe muda wake. Viazi na karoti nzima zinaanza, koliflawa baadaye, maharage machanga mwisho, dakika saba na bado yanalia yakitafunwa. Kiazi sukari kwenye sufuria yake. Mayai dakika tisa. Zote ziliwe vuguvugu. Zikiwa za moto sana zinayeyusha mchuzi, zikiwa baridi ladha inalala. Pweza nikimpata namtokosa asubuhi, na hapo mume wangu haulizi tena samaki yuko wapi.

Nimesifu sana, sasa aibu za kinu. La kwanza, uzito. Mama yangu mkwe hawezi kukiinua kutoka kabatini, kwa hiyo kinaishi juu ya meza na kimechukua nafasi ya birika. La pili, marumaru na ndimu hawapatani. Mwaka wa kwanza nilikamulia ndimu ndani ya kinu, kama tunavyofanya kachumbari, nikaacha mpaka baada ya kula. Nilipoosha nilikuta baka la weupe mkavu, kama jivu, mahali palipokuwa laini. Asidi inalila jiwe hilo. Halikutoka, na mpaka leo kidole changu kinalijua. Sasa ndimu inakaa mezani kwenye kibakuli, anayetaka anakamua sahanini. Siki pia usisafishie. Mimi naosha kwa maji ya moto na sabuni kidogo mara tu baada ya kula, nakausha, basi. Harufu ya thomu haikai humo, tofauti na mti.

La tatu ni mkao. Kwenye meza ya jiko ya kimo cha hapa, bega langu lilikuwa likiuma mpaka Jumapili. Nimebadilisha. Nakaa kwenye kigoda kifupi, kinu sakafuni juu ya kitambaa, kati ya magoti, mgongo umenyooka, kama ninavyokaa juu ya mbuzi kukuna nazi. Kumbe bibi wa ghorofa ya pili naye alifundishwa akiwa amekaa, kinu mapajani. Tulichekana jinsi mikao yetu inavyofanana. Kwa kukaa hivyo, dakika 25 za mchuzi mzima hazinichoshi.

Mchi wa jiwe sikuuchukua ingawa duka lilikuwa nao. Jiwe kwa jiwe hulana, na mchi wa mzeituni ni mwepesi, kichwa chake ni kipana, unazunguka bila kuchosha kifundo cha mkono. Baada ya miaka mitatu umelika kidogo upande mmoja. Naupaka mafuta mara moja kwa mwezi.

Kama unataka kinu cha kusagia binzari na pilipili tu, usinunue hiki, kile cha chuma cha yuro chache kinatosha. Kama unapika mchuzi huu mara moja kwa mwaka, azima kwa jirani. Lakini kama nyumba yako ni ya watu wanaokula samaki kila wiki, na una dakika 25 za kukaa chini, yuro 79 zangu za kinu na mchi nazihesabu kuwa pesa nilizozitumia vizuri kuliko zote jikoni. Saa saba na nusu Ijumaa mume wangu anarudi msikitini, mara nyingine na ndugu zake wawili watatu, bibi anapanda ngazi na mkate, na Shingazidja, Kiswahili na Kifaransa chenye lafudhi ya Var vinakutana juu ya sinia moja. Wa kwanza kuangaliwa ni mchi, kama umesimama.

Mdogo wangu ameomba nimpelekee chake mwezi wa saba. Nimemnunulia, cha sentimita 18, kilo 5. Kimeshafungwa ndani ya kanga mbili, na nimetoa viatu vya watoto kwenye begi ili mzani usizidi. Mchi umelala pembeni. Nimemwambia asitafute morue. Aende Deep Sea, soko la samaki la Tanga, asubuhi mapema, achague chewa mwenye jicho angavu, na mayai ayatoe nje usiku.